Texas au Illinois? Ukihama jimbo, kinachobadilika ni mkono wa sherifu, si sheria ya uhamiaji

Tangu Septemba 2025 napigiwa simu za aina mbili. Aliye Houston au Fort Worth huniuliza, "Kaka, nihamie Illinois? Nasikia polisi wa huko hawamtoi mtu kwa ICE, wale askari wa uhamiaji wa serikali kuu." Aliye Chicago huniuliza kinyume, "Shemeji, si afadhali Texas? Huku wamevamia jengo la South Shore usiku, helikopta juu, watu wametolewa vitandani." Wote wawili wamesikia mambo ya kweli. Lakini kila mmoja amesikia nusu, na nusu hiyo inaweza kumfanya aache kazi, aondoe watoto shule na kukodi lori la kuhamisha vitu kwa sababu isiyo sahihi.

Mimi ni mkalimani, si wakili. Nimekaa kati ya wazungumzaji wa Kiswahili na maofisa wa Marekani kwenye mahojiano ya hifadhi ya ukimbizi, kwenye mahakama za uhamiaji, na mara nyingine kwa simu kutoka jela ya kaunti. Nayalinganisha majimbo haya mawili kwa sababu ndiyo ninayoulizwa, na kwa sababu ni vigumu kupata mawili yaliyoachana mbali zaidi katika jambo hili.

Kwetu askari ni mmoja

Kosa la kwanza huanzia nyumbani. Katiba ya Kenya ya 2010, kwenye Jedwali la Nne, imeweka uhamiaji, uraia na polisi mikononi mwa serikali ya kitaifa. Gavana wa kaunti hana askari wa kumkamata mgeni. Tanzania, uraia, uhamiaji na polisi ni mambo ya Muungano, kwa hiyo hata Zanzibar yenye rais wake na baraza lake haitoi uraia wake. Mkongomani anaijua DGM, idara ya uhamiaji ya kwao, na DGM ni ya taifa zima. Mtu aliyekulia huko akimwona polisi anaona serikali, basi. Haulizi ni serikali ipi.

Marekani inabidi uulize. Polisi wa mji huajiriwa na mji. Sherifu huchaguliwa kwa kura na watu wa kaunti, na kwa kawaida ndiye mwenye jela. Kuna askari wa jimbo, wanaopokea amri kutoka kwa gavana. Halafu kuna wa serikali kuu: ICE, iliyoanza kazi 2003, inayokamata na kurudisha watu makwao, na Doria ya Mpakani. Hawa wa mwisho ndio pekee ambao uhamiaji ni kazi yao tangu asubuhi hadi jioni. Wengine wote wanaweza kuwasaidia au kutowasaidia, na hapo ndipo Texas na Illinois zilipoachana.

Nani anaruhusiwa nini

Mahakama ya Juu imelizungumzia hili kwa karibu miaka 150. Mwaka 1876 ililitengua zuio la California dhidi ya wanawake wa Kichina waliofika kwa meli, ambao ofisa wa jimbo alidai walipiwe dhamana kwanza. Hoja ya majaji ilikuwa nyepesi kueleweka: jimbo moja likiruhusiwa kuwatendea vibaya raia wa nchi ya kigeni, nchi hiyo haitagombana na California, itagombana na Marekani nzima. Mwaka 2012 Arizona ilijaribu kuandika makosa yake yenyewe ya jinai kuhusu wageni, na mahakama ikavifuta vifungu vitatu kati ya vinne vilivyobishaniwa. Kilichobaki ni kile kinachomruhusu polisi kuuliza hali ya uhamiaji ya mtu aliyemsimamisha kwa kosa jingine. Kwa hiyo nani aingie, nani abaki, nani aondolewe: hayo ni ya serikali kuu.

Upande wa pili wa mizani haujulikani sana, na mimi nauona kuwa ndio wenye uzito kwa anayetaka kuhama. Mwaka 1997, katika kesi ya Printz iliyohusu ukaguzi wa wanunuzi wa bunduki, Mahakama ya Juu ilisema serikali kuu haiwezi kumwamrisha sherifu aifanyie kazi yake. Kesi ilikuwa ya bunduki, iliyopiganiwa na masherifu wasiopenda udhibiti wa silaha. Leo kanuni hiyohiyo ndiyo inayowalinda wanaokataa kumshikia ICE watu. Rais anaweza kuomba, anaweza kubembeleza kwa fedha, anaweza kushtaki. Lakini sherifu si mtumishi wake.

Ni nani basi anayemwamrisha sherifu? Jimbo lake. Texas imemwambia: lazima usaidie. Illinois imemwambia: marufuku kusaidia. Mengine yote kuhusu hadhi yako ya uhamiaji ni yaleyale ukiwa Dallas, Texas, au ukiwa mtaa wa Rogers Park, Chicago.

Safari ya taa ya nyuma iliyoungua

Chukua ndugu wawili, wote hawana karatasi, wote wanaendesha gari usiku wakitoka kazini, wote taa ya nyuma imeungua.

Yule wa Texas hana leseni, kwa kuwa Texas haitoi leseni bila uthibitisho kwamba uko nchini kihalali. Polisi anaruhusiwa kumuuliza hali yake ya uhamiaji, na mkuu wa polisi wa mji haruhusiwi kumkataza askari huyo kuuliza, kwa sheria ya 2017 inayoitwa SB 4. Anaweza kupewa tiketi akaenda nyumbani. Anaweza pia kupelekwa jela. Na hapa watu wengi hawaamini, lakini Mahakama ya Juu iliamua 2001, katika kesi ya mama mmoja wa Lago Vista, hukohuko Texas, kwamba polisi anaweza kumkamata mtu kwa kosa dogo kama kutofunga mkanda.

Jela anachukuliwa alama za vidole. Alama huenda FBI, na kutoka FBI huenda kwa idara ya usalama wa ndani. ICE wakimtambua, hutuma ombi kwamba ashikiliwe hadi saa 48 zaidi baada ya muda wake wa kuachiwa. Kisheria hilo ni ombi tu. Texas imeligeuza kuwa amri: sherifu anayekataa anaweza kushtakiwa, kuvuliwa cheo, na kaunti yake kutozwa faini inayofika dola 25,500 kwa siku ikirudia kosa. Kisha ikaja SB 8, iliyosainiwa Juni 2025 na kuanza kazi tarehe 1 Januari 2026: sherifu mwenye jela anatakiwa aombe mkataba na ICE chini ya kifungu cha 287(g), kilichoandikwa mwaka 1996, ambacho huwawezesha maofisa wa jela kufanya sehemu ya kazi ya uhamiaji wao wenyewe. Maana yake, mtu aliyevaa sare ya kaunti, anayekuuliza ulizaliwa wapi huku akijaza fomu, anaweza kuwa tayari anaifungua kesi yako ya kurudishwa. Jibu lako linaandikwa.

Yule wa Illinois ana leseni. Jimbo lilipitisha leseni maalumu kwa wasio na karatasi mwaka 2013, na tangu tarehe 1 Julai 2024 wanapewa leseni ya kawaida, isiyomtambulisha mwenye nayo kwa sura. Haitumiki kupandia ndege, lakini barabarani ni leseni. Akiwa nayo pamoja na bima, taa iliyoungua inaishia kuwa taa iliyoungua. Polisi haruhusiwi kumuuliza hali yake ya uhamiaji.

Tuseme amekamatwa kwa kosa kubwa zaidi. Alama zake za vidole zinakwenda kulekule. Hili nalirudia kila simu, maana watu hudhani Illinois huficha majina. Haifichi. Mwaka 2011 ilijaribu kujitoa kwenye mpango huo wa alama za vidole, ikaambiwa mpango hauhitaji ridhaa ya jimbo. Kinachotofautiana ni hatua inayofuata. Sheria ya TRUST ya Agosti 2017 inakataza kumshikilia mtu hata dakika moja zaidi kwa sababu ya ombi la ICE, au kwa hati ya ICE isiyosainiwa na jaji. Na aliyeisaini sheria hiyo ni Bruce Rauner, gavana wa Republican. Mwaka 2021 ikaongezwa nyingine: kaunti zisiikodishe ICE vitanda vya jela zao. Kaunti za McHenry na Kankakee zilishtaki kupinga, zikashindwa kwenye Mahakama ya Rufaa 2022. Serikali kuu nayo ilishtaki Februari 2025 ikitaka sheria hizi zifutwe. Julai jaji akaitupa kesi, kwa kanuni ileile ya kutomwamrisha sherifu.

Kwa hiyo ndugu wa Illinois akifikia muda wa kuachiwa, anatoka mlangoni.

Anatoka mlangoni, halafu?

Hapa ndipo ndugu zangu wa Houston hawapendi ninachowaambia. Sheria ya Illinois inafunga mkono wa Illinois. Haifungi mkono wa ICE. Tarehe 8 Septemba 2025 serikali kuu ilianzisha operesheni ya Midway Blitz ndani na kandokando ya Chicago, na kwa wiki nyingi magari yao yalizunguka mitaani: maegesho ya maduka ya vifaa vya ujenzi, vituo vya teksi uwanja wa ndege, nje ya shule. Hakuna sheria ya Springfield, makao makuu ya jimbo la Illinois, inayoweza kuzuia hilo, na hakuna jaji aliyesema ICE isikamate watu Illinois. Majaji waliingilia namna ya kukamata, matumizi ya mabomu ya machozi, hali ya kituo cha ICE cha kushikilia watu huko Broadview, kandokando ya Chicago. Kukamata kwenyewe kuliendelea.

Na kuna uhusiano kati ya mambo haya mawili ambao watu hawausemi. Texas, ICE haina haja ya kuzunguka sana, kwa kuwa jela inawakabidhi watu mlango wa nyuma, kimya, bila kamera. Illinois, jela zikikataa kukabidhi, ICE huja barabarani. Barabarani haimkuti mtu mmoja aliyetafutwa tu; kuna jirani, kuna kaka aliyempa lifti, kuna mwenye grini kadi aliyeisahau nyumbani, na sheria ya serikali kuu inamtaka kila mwenye kadi hiyo aliyetimiza miaka 18 aibebe. Ndiyo maana Chicago inatisha zaidi kwenye simu kuliko Houston, ingawa Houston mtu mwenye tiketi ya barabarani anaweza kupotea bila hata jirani kujua.

Nikiulizwa ipi mbaya zaidi, najibu hivi: Texas hatari yako kubwa ni kosa lako dogo. Illinois hatari yako kubwa ni kuwa mahali fulani siku fulani. La kwanza unaweza kulipunguza kwa kuishi kwa uangalifu mkubwa, ila uangalifu huo huchosha. Nimeongea na wanaume wanaoogopa kuwapeleka watoto wao hospitali usiku kwa sababu ya kilomita sita za barabara. La pili huwezi kulipunguza sana, lakini halikuandami kila unapowasha gari.

Oktoba 2025 majimbo haya mawili yalikutana uso kwa uso. Rais aliwachukua walinzi wa taifa (wanajeshi wa akiba wa jimbo) wapatao 200 wa Texas, gavana Greg Abbott akiridhia, akawapeleka Illinois ambako gavana JB Pritzker alikuwa amekataa. Jaji April Perry alizuia wasipelekwe mitaani, na tarehe 23 Desemba 2025 Mahakama ya Juu ilikataa kuuondoa uzuio huo wakati kesi ikiendelea. Ni ushindi wa kweli kwa jimbo, lakini uelewe ulihusu nini: wanajeshi. ICE hawakuguswa na uamuzi huo.

Mpaka wenyewe

Illinois haina mpaka na nchi yoyote kwenye ardhi, kwa hiyo hapa hakuna cha kulinganisha zaidi ya kumweleza msomaji Texas inafanya nini. Mpaka wake na Mexico una urefu wa takriban kilomita 2,018, karibu theluthi mbili ya mpaka wote wa Marekani na Mexico. Machi 2021 Abbott alianzisha operesheni ya Lone Star: walinzi wa taifa, askari wa jimbo, seng'enge za wembe, maboya makubwa katikati ya mto Rio Grande karibu na Eagle Pass, na mabasi ya kuwapeleka wahamiaji miji mingine, Chicago ilianza kupokea mabasi hayo Agosti 2022. Jimbo limetumia zaidi ya dola bilioni 11. Januari 2024 askari wa Texas waliikalia bustani ya Shelby huko Eagle Pass na kuwazuia Doria ya Mpakani wasiitumie, jambo ambalo Mmarekani wa kawaida naye alishangaa kuliona.

Hoja ya Texas isidharauliwe. Inasema: maamuzi hufanywa Washington, gharama hulipwa na sisi. Mwaka 1982 Mahakama ya Juu iliiamuru Texas iwasomeshe bure watoto wasio na karatasi. Mwaka 2023 Texas na Louisiana ziliposhtaki kwamba serikali kuu haikamati watu wa kutosha, mahakama hiyohiyo ikasema, kwa majaji 8 dhidi ya 1, kwamba majimbo hayana haki ya kufungua shauri la namna hiyo. Abbott akashika kifungu cha Katiba kinachoruhusu jimbo kujilinda likivamiwa, akauita ujio wa wahamiaji uvamizi. Naona neno hilo si haki kwa mama aliyevuka mto na mtoto mgongoni. Lakini malalamiko ya gharama ni ya kweli, na Chicago yenyewe ilipopokea mabasi iligundua hivyo.

SB 4 nyingine, ya Desemba 2023, hii usiichanganye na ile ya 2017, iliandika kosa la jinai la jimbo kwa anayeingia Texas kutoka nchi ya kigeni bila kupita kwenye kituo rasmi. Jaji aliizuia Februari 2024. Tarehe 19 Machi 2024 ikafanya kazi kwa saa chache. Usiku huohuo ikazuiwa tena, na mabishano ya rufaa yakaendelea. Aliyekuja kwa viza ikamwishia si mlengwa wa sheria hiyo. Aliyevuka mto amuulize wakili kabla ya kuamua kukaa Texas.

Kwa wakazi wa Houston, Dallas au Abilene, mambo ya mtoni hayaonekani. Yanayoonekana ni vizuizi vya ndani ya nchi. Doria ya Mpakani ina vizuizi vya kudumu kwenye barabara kuu: Falfurrias kwenye barabara ya 281, Sierra Blanca kwenye I-10, kaskazini mwa Laredo kwenye I-35. Kila gari husimama na kuulizwa, na Mahakama ya Juu ilivihalalisha 1976. Madereva wetu wa malori wanavifahamu kwa majina. Mwenye kesi ya hifadhi akipita hapo abebe kibali cha kazi halisi, si picha kwenye simu.

Maisha ya kila siku

Hapa nitapita haraka, ingawa kwa wengi ndipo uamuzi ulipo. Kima cha chini cha mshahara Illinois ni dola 15 kwa saa tangu Januari 2025. Texas ni dola 7.25 ile ya serikali kuu, ingawa kwenye maghala na nyumba za wazee wanalipa zaidi ya hapo. Illinois inakata kodi ya mapato ya asilimia 4.95, Texas haikati chochote. Illinois imepanua Medicaid, bima ya afya ya serikali kwa wenye kipato kidogo, Texas haijapanua. Kwa wanafunzi wasio na karatasi, Texas ilikuwa jimbo la kwanza, 2001, kuwatoza ada ya mkazi. Juni 2025 serikali kuu ilishtaki, Texas ikakubali siku hiyohiyo, na sheria ikafa mchana mmoja. Illinois ingali inawatoza ada ya mkazi, nayo imeshtakiwa.

Hospitali za Texas, kwa amri ya gavana iliyoanza Novemba 2024, zinakuuliza kama uko nchini kihalali. Unaruhusiwa kukataa kujibu, na matibabu hayabadiliki. Mwambie mama yako mzee hili kabla hajaenda peke yake.

Ya kwamba mkimbizi hapati tena msaada wa chakula mpaka awe na grini kadi, hilo ni la serikali kuu, sheria ya tarehe 4 Julai 2025, kuhama hakulibadilishi. Sheria ya Laken Riley ya Januari 2025, inayolazimisha baadhi ya wasio na karatasi wakikamatwa tu kwa wizi wa dukani washikiliwe bila dhamana ya uhamiaji, nayo ni ya nchi nzima. Leseni za malori kwa wageni zilibanwa na serikali kuu Septemba 2025 na zikafika mahakamani. Usihame kwa ajili ya lori kabla hujaulizia hali ya wiki hiyo.

Na jambo moja la Illinois linalonikosesha usingizi: ofisi ya leseni inaweza kukuuliza kama unataka kujiandikisha kupiga kura. Kama si raia, jibu ni hapana, sema wazi, soma unachosaini. Asiye raia akipiga kura anaweza kurudishwa kwao hata kama ana grini kadi ya miaka 20, na hakuna gavana atakayemwokoa.

Ninavyowashauri

Raia, na mwenye grini kadi asiye na kosa lolote la jinai: sheria hizi zisiwe sababu yako. Angalia kodi ya nyumba, kazi, na wapi ndugu zako wapo. Texas ina jamaa wengi, makanisa na misikiti ya Kiswahili, nyumba za bei unayoweza kufikia. Wakongomani walioletwa kama wakimbizi wamejenga maisha mazuri Fort Worth na Abilene, japokuwa serikali ya jimbo ilijitoa kwenye mpango wa wakimbizi 2016 na mashirika yakauendesha bila yenyewe.

Familia mchanganyiko, baba hana karatasi na watoto ni raia: mimi ningechagua Illinois, na nasema hivyo hata baada ya Midway Blitz. Leseni peke yake inatosha kuwa sababu. Nyingine ni mama anayepigwa nyumbani. Nimewasikia wanawake wakiniambia hawawezi kupiga 911 kwa sababu anayekuja ndiye atakayempeleka mume jela, na jela ndiyo ICE. Mume akirudishwa, watoto watamlaumu mama. Illinois imekata kiungo kimoja cha mnyororo huo, na kwa aliyedhulumiwa anayetaka viza ya U (ya waathirika wa uhalifu wanaowasaidia polisi), sheria ya jimbo inawawekea polisi muda wa kuijibu barua yake. Kwangu hilo ni jambo kubwa kuliko tofauti ya kodi ya mapato.

Kijana asiye na karatasi, peke yake, aliye na rekodi ya kukamatwa: Illinois jela haitamkabidhi kwa ombi la ICE pekee, lakini jina lake lipo kwenye orodha na anaweza kusubiriwa nje. Huyu ahame kwa ushauri wa wakili, si kwa ushauri wangu.

Mwenye kesi ya hifadhi ndiye ninayemzuia zaidi asikurupuke. Mahakama ya uhamiaji ni ya serikali kuu kotekote, ila rufaa za Texas huenda Mahakama ya Rufaa ya Tano, New Orleans, na za Illinois huenda ya Saba, Chicago, na majaji wa pande hizo hawasomi sheria kwa jicho moja. Muulize wakili wako kesi yako inasimama vipi kwa kila upande kabla hujatoa notisi ya nyumba. Ukishaamua kuhama, una siku 5 za kuijulisha mahakama anwani mpya kwa fomu EOIR-33, na siku 10 za kuwajulisha USCIS, idara ya uraia na uhamiaji, kwa fomu AR-11. Mama mmoja wa Uvira alijaza zote mbili kwa uaminifu, akadhani amemaliza. Fomu ya anwani haihamishi kesi. Ombi la kuhamisha kesi ni jingine, linaandikwa peke yake, na jaji anaweza kulikataa. Mpaka atakapolikubali, tarehe ya Houston inabaki ya Houston, na asiyefika huagizwa kurudishwa kwao bila kusikilizwa. Tuligundua siku nne kabla. Alipanda basi kutoka Chicago usiku na watoto wawili, akafika mahakamani dakika ishirini kabla ya jina lake kuitwa.